Kifyonza vumbi cha zamani kinapogoma: kutoka dalili hadi chanzo

Mtu anayenunua Hoover ya mwaka 1936 au Electrolux ya miaka ya 1950 kwenye soko la vitu vilivyotumika, jijini London au Chicago, kwa kawaida huuliza swali moja tu, yaani kama mashine inawaka, na muuzaji humjibu kwa kuichomeka palepale. Jibu hilo halitoshi, na wakati mwingine ndilo linaloiua mashine, kwa sababu kifyonza vumbi kilichokaa miongo mitatu stoo kikiwa na grisi iliyoganda na waya uliooza mpira wake kinaweza kuunguruma kwa dakika moja kisha kikaunguza koili ambazo zingeweza kuokolewa. Mwongozo huu unahusu mashine za nyumbani zilizotengenezwa takriban kati ya 1920 na 1970. Karibu kila hitilafu ya mashine hizi hujitangaza kwa sauti, kwa harufu au kwa joto kabla ya kuharibu kitu, kwa hiyo anayesikiliza vizuri ndiye anayefungua skrubu chache zaidi.

Jambo la kwanza kulijua ni njia ya hewa, kwa kuwa dalili moja huwa na maana mbili tofauti kulingana na njia hiyo. Mashine za kusimama zilizotokana na hataza ya James Murray Spangler wa Canton, Ohio, ya mwaka 1908, ambayo William Henry Hoover aliinunua na kuijengea kiwanda, hupitisha uchafu katikati ya feni kabla haujafika kwenye mfuko ulio nyuma. Mashine za kusimama za Kirby nazo hufanya hivyo. Mashine za silinda, kama Electrolux Model V ya mwaka 1921 iliyolala sakafuni juu ya reli zake mbili, huweka mfuko mbele na feni nyuma yake, na hewa iliyokwisha kuchujwa ndiyo inayoipoza mota. Ndiyo maana sarafu iliyookotwa zuliani huvunja feni ya Hoover lakini huishia mfukoni katika Electrolux, na mfuko uliotoboka huichafua tu sebule katika aina ya kwanza ilhali katika aina ya pili huingiza vumbi ndani ya mota yenyewe.

Kabla ya kuchomeka

Anza na waya. Ukunje taratibu karibu na plagi, karibu na swichi na pale unapoingia kwenye mwili wa mashine, kisha uangalie kama mpira wa ndani unapasuka au kumeguka. Mpira wa zamani hukauka ukawa unga chini ya kitambaa kilichosukwa juu yake, na kitambaa hicho kikiwa bado kizuri humdanganya mtu kabisa. Waya wa namna hiyo hautengenezwi kwa kuzungushia utepe. Hubadilishwa wote, na leo zinapatikana nyaya mpya zenye kitambaa cha mtindo wa zamani juu ya plastiki salama, hivyo sura ya mashine haipotei. Waya asilia uhifadhi pamoja na mashine ukiwa umewekewa alama, kwa maana ni sehemu ya historia yake.

Rangi za nyaya zinahitaji uangalifu mkubwa. Katika waya wa zamani wa Uingereza nyekundu ni moto (njia inayoleta umeme), nyeusi ni nyutro (njia inayourudisha) na kijani ni ethi (njia ya ardhini), wakati katika waya wa Marekani nyeusi ndiyo moto na nyeupe ni nyutro. Fundi aliyezoea mashine za Uingereza akiifungua Kirby ya Marekani na kuichukulia nyeusi kuwa nyutro atakuwa ameipeleka njia ya moto mahali asipotarajia, na swichi haitaikata. Usiziamini rangi peke yake: fuata kila waya kwa mita kutoka kwenye pini ya plagi hadi mwisho wake.

Linalofuata ni volti. Mota za mashine hizi kwa kawaida ni zile zinazokubali umeme wa AC na wa DC, kwa hiyo tofauti ya hezi 50 na 60 haizidhuru, lakini volti zina kauli ya mwisho. Anayerudi nyumbani Mombasa, Dar es Salaam au Muscat na Electrolux ya Marekani iliyoandikwa volti 115 hana budi kutumia transfoma ya kushusha, kwani volti 230 au 240 huimaliza mota hiyo kwa muda mfupi sana. Ukubwa wa transfoma hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampia zilizo kwenye kibati cha maelezo cha mashine: mashine ya volti 115 na ampia 5 hula takriban wati 575, na transfoma inayoifaa ni ya wati 1,000, kwa kuwa mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko inapoendelea. Kinyume chake hakina hatari kubwa: mashine ya Uingereza ikichomekwa kwenye volti 115 huzunguka kivivu, na wengi hudhani imechoka kumbe imenyimwa umeme.

Baada ya hapo pima. Swichi ikiwa imewashwa na plagi ikiwa mkononi mwako, mita ikiwekwa kati ya pini mbili inatakiwa ionyeshe kuanzia omu chache hadi makumi kadhaa. Isipoonyesha njia yoyote, mzunguko umekatika mahali, na ikionyesha sifuri kabisa kuna shoti. Kisha pima kati ya pini na chuma cha mwili kwa mega (mita ya kupima uzima wa vihami) ya volti 500, ambapo chini ya megaomu 1 mashine haifai kuwashwa. Kipimo kikiwa kibaya kidogo, mara nyingi ni unyevu tu, na siku kadhaa mahali pakavu penye joto hukirekebisha. Kwa washo la kwanza napendelea kuunganisha taa ya waya (balbu ya zamani yenye uzi unaowaka ndani) ya wati 100 katika mfululizo na mashine, yaani umeme wa mashine upitie kwenye taa. Kama kuna shoti, taa itawaka kwa nguvu zake zote na mota itabaki salama. Taa ya LED haifanyi kazi hiyo.

Haiwaki kabisa

Fyuzi na plagi hukaguliwa kwanza, na kwenye plagi za Uingereza mashine isiyozidi wati 700 inahitaji fyuzi ya ampia 3, si ile ya 13 inayokuja na plagi dukani. Baada yake waya ndio wa kushukiwa, hasa pale unapokunjwa kila siku chini ya mpini. Mashine ikishtuka na kuwaka unapouchezesha waya huo, umepata jibu. Swichi hufuata: vigusio vya shaba vya ndani huota ukungu wa kijani na kuacha kugusana, na kusafishwa kidogo hutosha.

Kama umeme unafika mpaka kwenye mota na bado kimya, gonga mwili wa mashine kwa mpini wa mbao karibu na vishikio vya kaboni, yaani vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Mota ikiamka, hata kwa sekunde mbili, kaboni zimekwama ndani ya vishikio au zimekwisha na springi haziwezi tena kuzisukuma. Zitoe huku ukitia alama kila moja ilikuwa upande gani na ilitazama wapi, kwa sababu kila kaboni imejichonga kulingana na mahali pake.

Mmiliki wa Electrolux ya Marekani ya miaka ya 1950 akague jambo moja zaidi. Baadhi ya mashine hizo, kuanzia Model LX, zina kifaa kinachozima mota mfuko unapojaa. Mashine inayojizima yenyewe kila baada ya muda mfupi si lazima iwe mbovu, kwani inawezekana mfuko umejaa, hosi imeziba, au kirekebishaji cha kifaa hicho kimewekwa kikali mno.

Inaunguruma lakini haizunguki, au inazunguka kwa uzito

Chomoa plagi uizungushe feni kwa mkono. Inatakiwa iende mizunguko kadhaa baada ya kuachiwa, na ikisimama papo hapo, grisi imegeuka gundi. Beringi za gololi zitolewe, zioshwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe vizuri, zitiwe grisi mpya. Zikikwaruza baada ya kuoshwa, zibadilishwe. Vipimo vingi bado vinatengenezwa hadi leo, kwa hiyo soma namba iliyochorwa pembeni au pima kwa kalipa: beringi ya 608 ina milimita 8 ndani, 22 nje na unene wa 7, na ya 6201 ina 12, 32 na 10. Hii ya 6201 inauzwa katika maduka ya vipuri vya pikipiki, na Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, hutaihangaikia.

Baadhi ya mashine hazina gololi bali bushi za shaba zenye pamba ya kushika mafuta pembeni. Hizo hutiwa matone machache ya oili nyepesi ya mashine. Mafuta ya kupikia huganda, na dawa za kupuliza za kulegeza kutu huosha mafuta yaliyopo kisha zenyewe zikakauka, kwa hiyo zote mbili ziepukwe.

Cheche na harufu ya kuungua

Cheche ndogo za rangi ya buluu chini ya kaboni ni za kawaida. Cheche kubwa za njano, au moto unaoizunguka komyuteta (pete ya vipande vya shaba inayoguswa na kaboni) nzima, ni ishara ya kuzima mara moja. Hapa ndipo mkusanyaji anapojifunza zaidi kuliko mahali pengine popote kwenye mashine, na inafaa kukaa napo.

Itoe amecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka, iweke mezani chini ya taa nzuri, uitazame komyuteta kwa kioo cha kukuzia. Uso wenye afya una rangi ya kahawia iliyokolea inayolingana pande zote, laini, yenye mng'ao hafifu, na mtu asiyejua huifuta rangi hiyo akidhani ni uchafu, kumbe ni utando unaozipunguzia kaboni msuguano. Uso wenye matatizo huonyesha moja ya mambo matatu. Mifereji inayozunguka shaba yote ni kazi ya kaboni ngumu mno au iliyoingiwa na mchanga, na ikiwa na kina kirefu amecha hupelekwa kwa fundi wa lezimashine isawazishwe. Weusi ulioenea kote bila mifereji hutokana na mafuta yaliyovuja kutoka kwenye beringi, au springi zilizolegea. Vipande viwili vya shaba vilivyoungua wakati majirani zao ni wazima humaanisha kwamba koili iliyounganishwa hapo imekatika.

Weusi huondolewa kwa msasa laini wa kioo, amecha ikizungushwa taratibu. Msasa mweusi wa kusugulia chuma usitumike, kwa sababu chembe zake hupitisha umeme na kuingia kati ya vipande. Nafasi hizo husafishwa kwa kijiti cha mbao kilichochongwa mpaka unga wote wa kaboni utoke, kwani unga huo pekee unaweza kusababisha moto wa kuzunguka. Kisha pima omu kutoka kipande kimoja hadi kinachofuata mpaka umalize mzunguko. Namba zote zinatakiwa zikaribiane: inayoruka juu ghafla inaonyesha koili iliyokatika, na inayoshuka inaonyesha shoti. Amecha yenye kasoro hiyo bado ina uhai, kwani fundi wa kusuka mota anaweza kuisuka upya, mradi ahesabu mizunguko ya waya wa zamani, apime unene wake, aangalie kila mwisho umeungwa kwenye kipande kipi, na aisawazishe uzito amecha akimaliza.

Kaboni zilizobaki chini ya takriban milimita 6 zibadilishwe zote mbili kwa pamoja. Asilia zisipopatikana, kaboni kubwa kidogo za drili au grainda husuguliwa mpaka ziingie kwenye kishikio bila kubana wala kuchezacheza. Kabla ya kuwasha, pitisha ukanda wa msasa laini kati ya kaboni na komyuteta, uso wenye chembe ukitazama kaboni, uuvute mpaka ncha ya kaboni ichukue umbo la duara, halafu futa unga wote.

Pua nayo hutofautisha vyanzo. Harufu ya mpira hutoka kwenye mkanda, na ya vumbi lililopashwa joto hupotea baada ya usafi. Ile kali inayowasha koo ni ya vanishi ya koili, na ikishatoka hakuna sababu ya kuendelea kuwasha ili kuhakikisha.

Mota ni nzima lakini haivuti

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na sauti hulitatua zaidi ya kipimo chochote. Feni isiyosogeza hewa haina mzigo, kwa hiyo mota huongeza mwendo na sauti hupanda. Basi iwashe mashine ya silinda usikilize. Mvuto ukiwa dhaifu huku sauti ikiwa juu kuliko kawaida, kuna kizuizi. Mvuto ukiwa dhaifu na sauti ikiwa ya kawaida, hewa inaingia pengine, yaani kuna uvujaji. Sauti ikiwa ya chini na nzito, kosa liko kwenye mota, beringi au volti, na hakuna haja ya kuigusa hosi.

Kwa kizuizi, ondoa hosi uweke kiganja kwenye mdomo wa mashine. Ukivutwa kwa nguvu, hosi au bomba ndilo lililoziba. Inyooshe hosi kutoka juu hadi chini udondoshe sarafu ndani yake: isipotokea chini, imekutana na kizuizi. Mashine nyingi za silinda zina tundu la kupuliza upande wa nyuma, na hosi ikiunganishwa hapo uchafu hutoka ulikoingilia, kazi ambayo ni afadhali ifanyike uani. Kiganja kisipovutwa, tazama mfuko. Mfuko wa kitambaa unaweza kuwa mtupu na bado umeziba, kwa kuwa vumbi jembamba la miaka mingi limejaa ndani ya nyuzi. Usiufue, kwani hupungua ukubwa na kupoteza uwezo wa kuchuja: ugeuze, uukung'ute nje ya nyumba, kisha uufyonze kwa mashine nyingine. Vaa barakoa wakati huo, maana vumbi la zamani huenda lina dawa za wadudu ambazo watu wa miaka hiyo, kizazi cha DDT, walizinyunyiza mazuliani.

Uvujaji hutafutwa kwa kupitisha ukanda wa karatasi laini kando ya hosi na kifuniko mashine ikiwa inaendelea, kwa kuwa karatasi hunaswa pale palipotoboka. Hosi za zamani zenye kitambaa nje huwa na mpira uliopasuka ndani, na utepe juu ya kitambaa hausaidii kwa muda mrefu. Mpira wa kifuniko uliokauka hubadilishwa kwa ukanda wa sponji ngumu wa unene uleule.

Hoover Constellation za kuanzia katikati ya miaka ya 1950, zilizobuniwa zielee juu ya hewa yao wenyewe, zina kipimo cha pekee: zikiacha kunyanyuka kwenye sakafu laini ya vigae, hewa inayotoka ni kidogo, na chanzo cha kwanza ni mfuko uliojaa. Kwenye zulia lenye manyoya marefu kukwama ni jambo la kawaida, kwa sababu hewa hupotea ndani ya nyuzi.

Mashine ya kusimama inapita bila kuchukua uchafu

Hapa kwanza igeuze mashine ikiwa imechomolewa. Mkanda uliorefuka huruhusu brashi isimame inapogusa zulia, ingawa ikiinuliwa juu huzunguka vizuri na kumpotosha mwenye nayo. Mkanda unaong'aa au wenye nyufa ubadilishwe. Katika Hoover na Kirby nyingi za zamani mkanda hupindishwa robo mzunguko kutoka kwenye shafti hadi kwenye brashi, na ukipindwa kinyume brashi huzunguka kinyume. Mashine iliyofungwa sawasawa hujivuta kidogo kwenda mbele, na ikijirudisha nyuma, geuza mkanda.

Nywele na nyuzi zilizojizonga kwenye ncha za brashi huikaza hadi mkanda unaungua. Zikate kwa wembe, fungua vifuniko vya mwisho, safisha, tia grisi kidogo. Tangu Model 700 ya mwaka 1926, brashi ya Hoover ilipewa pia fito za chuma za kulipiga zulia ili mchanga wa ndani upande juu, na fito hizo hudumu kuliko manyoya. Laza kadi ngumu kwenye mdomo wa mashine: manyoya yasipoigusa kadi, yamekwisha, hata kama brashi inazunguka kwa kasi. Urefu wa mdomo nao uanzie juu kabisa, ushushwe hatua kwa hatua mpaka usikie brashi inaanza kuligusa zulia, kwani ukishushwa zaidi ya hapo mkanda ndio unaoumia. Mkeka wa ukindu na zulia la mkono lenye mashada pembeni visipitishiwe brashi ya fito hata kidogo.

Mtikisiko

Kelele ya kusaga isiyobadilika ni beringi. Mtikisiko unaousikia hadi kwenye mpini, hasa ukianza ghafla, ni feni iliyovunjika panga moja, na kuendelea kuitumia kutaharibu na beringi pia. Feni hubadilishwa nzima. Katika mashine kadhaa nati yake ina uzi wa mkono wa kushoto, kwa hiyo isipofunguka, jaribu upande wa pili kabla ya kutumia nguvu.

Mwili wa chuma unatekenya mkono

Zima, chomoa, usiitumie. Mashine nyingi za Uingereza za baada ya vita zina kapasita ndogo ya kuzuia makelele kwenye redio, ambayo sehemu yake moja huungwa kwenye chuma cha mwili. Karatasi ya ndani ya kapasita hizo hunyonya unyevu kwa miaka na kuanza kupitisha umeme, na nyingine hupasuka kwa mlio. Weka mpya zenye alama X2 kati ya moto na nyutro, na Y2 kati ya njia hizo na mwili, kwa kuwa ndizo zilizotengenezwa kwa usalama wa mahali hapo. Mashine ya chuma yenye waya wa njia mbili tu napendekeza iwekewe waya wa njia tatu, ethi ikifungwa kwa skrubu imara kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Kazi ikiisha, rudia kipimo cha mega, kisha iwashe dakika mbili, izime, iguse pande zote mbili za beringi na sehemu ya koili. Ikiwa vuguvugu tu, iwashe dakika kumi. Upande mmoja wa beringi ukiwa moto kuliko mwingine, beringi hiyo imekaa upande au imejazwa grisi kupita kiasi, na ni heri kuifungua tena siku hiyohiyo.